Namba za Jumapili

Saa nane mchana Wangeci angesimama mbele ya hakimu Thika na kusomewa shtaka la kumuua Jeconia Ojwang bila kukusudia. Sasa ilikuwa saa tatu na robo asubuhi ya Alhamisi, na Inspekta Waruguru bado hakuwa ameipenda kesi hiyo.

Haikuwa kwamba ushahidi umepungua. Ulikuwa umejaa, na hilo ndilo lililomwasha. Kwa miaka ishirini na miwili ya upelelezi alikuwa amejifunza kwamba kesi ya kweli huwa na tundu hapa na pale, kama sweta ya shule. Ile isiyo na tundu hata moja, kuna mtu aliyekaa chini akaifuma.

Jumatatu saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mlinzi wa Ndarugu Kwanta, maabara ya kompyuta iliyoko Mugutha, alimkuta Jeconia amelala kifudifudi ndani ya chumba cha ubaridi. Jeconia alikuwa fundi wa gesi pale. Chumba kilikuwa na naitrojeni iliyovuja hadi ikaifukuza hewa, na naitrojeni haina harufu wala rangi ya kumwonya mtu. Kazi hiyo ya kuonya ilikuwa ya king'ora kilichopigiliwa ukutani. King'ora kilikuwa kimya. Daktari alisema marehemu alikuwa amekufa tangu Jumapili asubuhi, na rekodi ya maabara ikasema king'ora kilizimwa Jumapili hiyo saa nne na dakika kumi na mbili, kwa akaunti ya Wangeci. Konstebo Nzau alimkamata Jumanne, akaandika ripoti ya kurasa mbili ambayo alikuwa akiionea fahari sana.

"Si ukae chini, madam," Wangeci alisema. "Unanizungusha kichwa."

"Nikikaa nitalala." Kiti chake katika chumba cha mahojiano, kituoni Ruiru, Waruguru alikuwa amekipa mkoba. Yeye alikuwa akiizunguka meza. "Niambie kazi yako tena. Pole pole, kama unaambia mama yako."

Wangeci alikuwa na miaka ishirini na tisa, mkaazi wa Membley, na siku mbili za seli zilikuwa zimemtoa rangi usoni. Alivuta pumzi.

"Hiyo kompyuta yetu ya kwanta iko na kubiti ishirini. Chukulia ni gita ya nyuzi ishirini. Kila asubuhi unapata zimelegea, kila moja kivyake. Mimi ni injinia wa programu. Nimeandika programu ya kuzisikiliza, kuzipima, kuzirudisha. Hiyo ndiyo kalibresheni. Bila hiyo, kastoma huko ng'ambo anatuma hesabu yake, anarudishiwa upuzi."

"Na king'ora cha hewa kinaingiaje hapo?"

"Kikilia, programu inasimama. Yote. Unaanza upya, masaa matatu."

"Kwa hivyo kinakuudhi."

Waruguru alitoa karatasi kwenye faili, akaiweka mezani. Ulikuwa ujumbe wa tarehe tatu mwezi wa nane, kutoka kwa Wangeci kwenda kwa mkurugenzi wake, Zacharia: *Nimezima king'ora, ni kelele ya bure tu.*

"Hii ni yako?"

"Ni yangu. Lakini hiyo siku nilipiga simu kwanza nikahakikisha hakuna mtu ndani."

"Na Jumapili ulipiga simu?"

"Jumapili nilikuwa kanisani."

"Simu ulikuwa nayo kanisani?"

"Nilikuwa nayo."

"Unaweza kuzima king'ora ukitumia simu?"

Wangeci aliangalia mikono yake. "Naweza."

Waruguru karibu amchape kofi kwa ukweli wake. Mtuhumiwa anayejichimbia kaburi hivi ama ni mjinga au hana hatia, na huyu hakuwa mjinga.

"Akaunti ni yako. Nani mwingine ana paswedi?"

"Haihitaji paswedi. Kompyuta ya maabara iko wazi siku zote kwa jina langu, juu programu yangu ndiyo inaitumia usiku na mchana. Yeyote akikaa kwa hicho kiti, yeye ni Wangeci."

"Nani anajua hivyo?"

"Sisi watatu tu. Mimi, Jeconia, na Zacharia."

"Zacharia anasema Jumapili ulikuwa unafanya kalibresheni kutoka nyumbani, king'ora kikakusumbua, ukakizima. Na ako na ushahidi." Waruguru alimsukumia karatasi ya pili. "Hizi ndizo namba za Jumapili. Ziliingizwa kwa jina lako, saa nne na dakika thelathini na moja."

Wangeci alizipitia kwa kidole, namba ishirini, moja chini ya nyingine. Alipofika katikati, kidole kilisimama.

"Madam, uko na za Ijumaa?"

Nzau, aliyekuwa ameegemea mlango, alizitoa kwenye faili shingo upande. Wangeci aliziweka karatasi mbili bega kwa bega. Alisoma mstari wa kwanza, wa saba, wa ishirini.

"Ni zile zile," alisema.

"Si ndiyo vizuri?" Nzau aliuliza. "Mashine haijaharibika."

"Hapana. Hazijawahi kuwa zile zile. Hata siku moja. Ukipima saa mbili halafu upime saa tatu, hapa mwisho zinacheza. Hizi mtu amechukua za Ijumaa akabandika."

"Ya nini?" Waruguru aliacha kuzunguka.

Wangeci alifikiri, na alipojibu alijibu kwa hofu. "Kuficha kwamba Jumapili haingepimika. Ilikuwa na joto. Hiyo mashine inaishi kwa baridi kushinda mahali popote wewe umewahi kusikia. Kipoza kikizima, inapata joto, na kuirudisha unahitaji naitrojeni mingi sana. Sasa niambie, kama mashine ilikuwa sawa, Jeconia alikuwa anapeleka gesi ya nini Jumapili?"

Hilo ndilo swali ambalo ripoti ya Nzau ililipita kama aliyemwona mdai wake njiani.

"Hiyo ni hadithi nzuri," Waruguru alisema. "Hata mimi ningekuwa seli ningeitunga. Nitajuaje ni ukweli?"

"Ikipata joto halafu ipoe tena, hairudi vile ilikuwa. Nyuzi zote zinakuwa zimehama. Na si kidogo."

Waruguru alielewa upesi kuliko alivyotarajia. Mama yake kule Gatundu alikuwa na ng'ombe wa gredi. Ukimhamisha zizi, hata ukimrudisha kesho yake, maziwa hayawi yale tena.

"Programu yangu inapima yenyewe baridi ikifika," Wangeci aliendelea. "Kama ilikuwa na joto Jumapili, imemaliza kupoa jana usiku ama leo alfajiri. Enda usome. Zikifanana na za Ijumaa, basi mimi ni mwongo, unifunge."

"Unajua unasema nini? Hiyo nitaiandika."

"Iandike," Wangeci alisema.

*

Kwenye benchi la nje alikaa Apiyo, mjane wa Jeconia, kwa siku ya tatu mfululizo. Alikuja asubuhi kutoka Githurai 45, akakaa, akasubiri barua ya polisi ya kumruhusu kuuchukua mwili mochari ampeleke mumewe Siaya. Alimwona Waruguru akipita mbio.

"Inspekta. Ile barua."

"Leo, Mama Lynn."

"Hiyo leo ni ya juzi."

Waruguru alisimama. Aibu ilimpata, na kwa kuwa hakupenda aibu, aliigeuza swali. "Mama Lynn, Jeconia aliitwa kazini lini?"

"Jumamosi. Simu ililia mara tatu tukiwa kanisani. Sisi ni Wasabato, hakushika. Jua lilipozama ndio akarudisha."

"Kwa nani?"

"Kwa mkubwa wake, Zacharia. Alimpigia kwa WhatsApp. Akaambiwa mashine iko na joto tangu Ijumaa usiku, aende Jumapili mapema na gesi." Apiyo alikunja leso yake magotini. "Akacheka, akaniambia hata mashine haiheshimu Sabato."

"Na hukutuambia?"

"Mliniuliza kama alikuwa mlevi. Nikasema hanywi. Mkafunga kitabu."

Waruguru alimtazama Nzau, na Nzau akavitazama viatu vyake.

"Halafu Jumapili jioni," Apiyo alisema, "nilipoona hajarudi na simu haishikwi, nilimpigia Zacharia. Akaniambia, mama, mimi sijamwona tangu Ijumaa."

Simu ya marehemu haikuwa imepatikana, na kampuni ya simu haiweki rekodi za WhatsApp. Neno la mjane dhidi ya neno la mkurugenzi: Waruguru alijua wakili yeyote wa Thika angelichana vipande kabla ya chai. Angalau sasa alijua kwa nini gesi ilipelekwa Jumapili na si Jumamosi. Zacharia alikuwa na fundi mmoja tu, na fundi huyo alikuwa na Sabato.

"Barua utapata leo," alisema. "Nimesema."

*

Saa nne na nusu walikuwa Mugutha. Maabara ilikuwa stoo ya kahawa zamani. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe na paa likabaki la mabati yale yale. Getini alikuwa mzee Ngigi, aliyevaa koti la mvua siku ya jua kali.

"Mzee, nipatie kitabu cha geti."

Ngigi alikileta kwa mikono miwili. Ukurasa wa Jumapili ulikuwa na mstari mmoja tu: *Jeconia, fundi, saa tatu na dakika ishirini, pikapu, mitungi minne.* Sehemu ya kutoka ilikuwa tupu.

"Huyu hakutoka," Waruguru alisema.

"Hakutoka, madam. Nilitoka mimi saa kumi na mbili jioni, wa usiku akaingia. Yeye alifikiri nimesahau kuandika."

"Na nani mwingine aliingia?"

"Kitabu ndiyo hiyo."

"Nimesoma kitabu. Nakuuliza wewe."

Ngigi alikuna kidevu. Alitazama upande wa ofisi, kisha barabarani, kisha juu, kana kwamba jibu lingeanguka kutoka kwenye mabati.

"Mzee, kwa hiki kitabu kuna plamba, kuna mama wa maziwa, kuna mimi hapa Jumatatu. Mwaka mzima. Lakini hakuna mahali umeandika Zacharia. Kwani yeye huingia na mbawa?"

"Ah, madam!" Ngigi alishtuka kikweli, kama aliyeulizwa kama hupiga hodi kwake mwenyewe. "Bosi haandikwi. Bosi unamfungulia, unapiga saluti."

"Jumapili ulipiga saluti?"

Nzau alifungua mdomo, Waruguru akamkanyaga mguu.

"Niko na watoto shule, madam."

"Na Jeconia?"

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Nilipiga," alisema kwa sauti ya chini. "Kama saa tatu hivi, kabla ya fundi. Na akitoka, karibu saa tano. Lakini hiyo usiandike mimi nimesema. Ngai, madam, usiandike."

Waruguru aliandika.

*

Kompyuta ya maabara ilikuwa wazi kama Wangeci alivyosema. Nzau alikaa kitini akafuata maelekezo yaliyoandikwa nyuma ya bahasha kwa mwandiko wa binti huyo: bonyeza hapa, kisha hapa, usiguse kitu chekundu. Waruguru alitembea nyuma yake kutoka ukutani hadi dirishani na kurudi.

"Bado?"

"Inafungua."

"Bado?"

"Madam, ukiniuliza haitafungua haraka."

Nyuma ya kioo kinene mashine ilikuwa ikihema, pampu zake zikipiga tk, tk, tk. Polisi walikuwa wamefunga mahali pale tangu Jumatatu na kuagiza mtu asiguse chochote, na kwa siku tatu ilikuwa imeachwa peke yake na ubaridi wake. Waruguru aligundua kwamba alikuwa akiomba Mungu. Aliomba kwa ajili ya namba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mtihani wa darasa la nane.

"Imefungua," Nzau alisema. "Kuna moja ya leo. Saa kumi na moja na dakika nne asubuhi." Akasogeza uso karibu na skrini. "Haiya."

"Nini?"

"Imeandikwa ni Wangeci."

"Wangeci alikuwa wapi saa kumi na moja?"

"Kwa seli. Mimi mwenyewe nilikuwa zamu." Nzau alipangusa paji la uso. Ile ripoti ya kurasa mbili ilikuwa imesimama juu ya jina hilo, na jina lilikuwa limefanya kazi lenyewe, mwenye jina akiwa seli.

"Sasa namba. Soma ya kwanza."

"Ijumaa, nne nukta tisa tatu moja sifuri. Leo, nne nukta tisa sifuri mbili tano."

"Ya saba."

"Ijumaa, nne nukta nane moja mbili saba. Leo, nne nukta saba nane tisa tatu."

Walizisoma zote ishirini. Hakuna hata moja iliyobaki mahali pake. Kisha Waruguru akamwamuru arudi nyuma, siku kwa siku, hadi mwezi wa sita, atafute siku mbili zozote zilizofanana hadi tarakimu ya mwisho. Ilichukua saa nzima. Zilikuwepo mbili tu, Ijumaa na Jumapili.

"Chapisha," Waruguru alisema. "Nakala tatu."

Ilikuwa saa sita kasorobo. Gari la mahabusu lilikuwa limeshaondoka Ruiru na Wangeci ndani yake.

*

Zacharia hakufika hadi saa saba, akawapokea ofisini kwa chai na mandazi. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kusoma matangazo kanisani. Kabla ya kwanta alikuwa amesimamia minara ya simu kwa miaka kumi na tano, na picha za minara hiyo bado zilining'inia ukutani.

"Ni huzuni kubwa," alisema. "Huyo msichana ana kipawa. Lakini haraka, haraka. Vijana hawa."

"Mimi nataka kufunga faili tu, Mkurugenzi. Kuna maswali madogo, wakili wa upande wake asije akatusumbua." Waruguru alisimama karibu na dirisha, kalamu mkononi. "Wikendi hiyo, mashine ilizima wakati wowote? Ilipata joto?"

"Haijapata joto tangu mwezi wa sita."

"Una hakika?"

"Asilimia mia."

"Na wewe ulikuwa hapa Jumapili?"

"Jumapili ni ya Bwana na familia. Nilikuwa nyumbani."

Nzau aliandika, Zacharia akasoma, akatia sahihi kwa kalamu yake mwenyewe, iliyokuwa nzito na ya fedha. Waruguru alisubiri wino ukauke.

"Kitu kimoja kinanichanganya. Namba za Ijumaa na za Jumapili zimefanana kabisa. Hiyo ni kawaida?"

Zacharia alitabasamu. Lilikuwa swali alilolipenda. "Inspekta, hiyo ndiyo alama ya mashine nzuri. Mnara wa simu ukizimika na stima, unarudisha seti ya mwisho iliyokuwa inafanya kazi, na kila kitu kinarudi palepale. Palepale! Kifaa kizuri hakirukiruki."

"Kwa hivyo ukitaka kuonyesha mashine ilikuwa sawa, unarudisha seti ya mwisho."

"Ndiyo kanuni..." Alikomea hapo.

Waruguru aliweka karatasi za leo mbele yake, juu ya sahani ya mandazi.

"Hii si mnara. Hii ikipata joto, hairudi palepale. Zimehama zote ishirini, Mkurugenzi. Zimehama kati ya Ijumaa na leo, na Wangeci yuko ndani tangu Jumanne. Mashine ilipata joto. Umetia sahihi haikupata."

"Labda polisi mlipofunga mahali hapa..."

"Hatukugusa swichi. Na Jumamosi jioni ulimwambia Jeconia iko na joto. Mkewe alikuwa kando yake."

"Mjane huyo ana uchungu, anaweza kusema..."

"Na mzee wako wa geti alikupigia saluti mara mbili Jumapili."

Chai ilipoa. Zacharia aliigeuza kalamu ya fedha, akaigeuza tena.

"Sawa," alisema mwishowe. "Sawa. Nilikuwa hapa. King'ora kilikuwa kinalia gesi ikimwagwa, kama kawaida. Nilikizima ili tumalize. Ile ilikuwa ajali, Inspekta. Jeconia alijua kazi yake. Mimi nilitoka mapema, sikujua ameanguka."

"Hukujua?"

"Naapa."

Hapa Waruguru alisogea hadi mezani, akainama, akaweka karatasi ya Jumapili na kuionyesha saa yake kwa kidole. "Namba za uongo ziliingizwa saa nne na dakika thelathini na moja. Dakika kumi na tisa baada ya king'ora. Kama kila kitu kilikuwa sawa, fundi wako mzima, anamwaga gesi, ulikuwa unaficha nini saa hiyo?"

Zacharia aliiweka kalamu mezani.

"Hebu twende nje."

Walienda hadi kwenye mlango wa chumba cha ubaridi. Kioo chake kilikuwa cha upana wa kifua, na mtu akisimama pale aliona sakafu yote. Waruguru alikuwa na hasira sasa, hasira ya wazi, na hakujisumbua kuificha.

"Fikiria ni mtu mwingine," alisema. "Amesimama hapa. Anaona fundi ameanguka. Akiingia, naye anaanguka. Mtu kama huyo anafaa kufanya nini?"

"Anabonyeza feni." Zacharia alionyesha kitufe cha kijani kilichokuwa kando ya mlango, bila hata kukitazama, kwa mazoea ya aliyefundisha wageni jambo hilo mara nyingi. "Inavuta gesi yote nje. Dakika moja, moja na nusu."

"Na kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

"Basi mbona hukukibonyeza?"

"Feni ikiwashwa inajiandika kwa rekodi," Zacharia alisema.

Alilisema upesi, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kanuni ya kazi. Kisha alilisikia. Nzau alikuwa ameacha kuandika. Pampu ziliendelea kupiga nyuma ya kioo, na Zacharia akauegemeza mgongo ukutani.

"Mfunge pingu," Waruguru alimwambia Nzau, akatoa simu.

Saa saba na dakika hamsini na mbili. Iliita mara sita kabla ya mwendesha mashtaka, Mitchell, kushika.

"Waruguru, niko kortini, hakimu ameketi. Faili yako ni ya tatu."

"Usiisome."

"Kwani?"

"Hiyo si yetu tena. Omba iondolewe. Nakuletea mtu mwingine na karatasi zake."

"Una uhakika? Juu nikiondoa..."

"Mitchell. Iondoe."

*

Saa tisa kasorobo walimfungulia Wangeci mlango wa nyuma wa mahakama ya Thika. Alitoka na viatu vyake mkononi, akavivaa akiwa amesimama, akiegemea ukuta uliokuwa na joto la jua. Hakulia. Aliuliza kama namba zilikuwa zimehama, na Waruguru akampa karatasi, naye akazisoma zote ishirini kabla ya kusema neno lingine.

"Ni Zacharia?"

"Ni yeye."

"Alisema kwa nini?"

"Alikuwa na haraka. King'ora alikizima ili kazi iishe. Jeconia akaanguka, akamwona kwa kioo." Waruguru alisita. Angeweza kuacha hapo, lakini binti huyu hakuwa amemdanganya hata mara moja, na hakuona haki ya kuanza kumficha sasa. "Feni ilikuwa hapo kando yake. Hakuiwasha. Kwa sababu ikiwashwa inajiandika kwa rekodi, watu wangejua gesi ilimwagwa, mashine ilikuwa na joto, na kuna mtu alikuwa hapo mlangoni."

Wangeci aliikunja karatasi mara mbili, mara tatu, hadi ikawa ndogo kiganjani.

"Hapo mwanzo feni haikuwa inajiandika," alisema. "Ilikuwa kitufe tu. Mimi ndiye niliiunganisha na rekodi. Mwezi wa tisa."

"Kwa nini?"

"Jeconia aliniomba. Alisema mtu akipatwa na gesi huko ndani, Zacharia atasema hakukuwa na kitu. Alitaka kuwe na mahali imeandikwa. Nilifanya kwa mchana mmoja. Alininunulia soda."

Waruguru alisema pole, kwa sababu ndilo neno lililokuwepo.

"Mama Lynn anajua kuhusu feni?" Wangeci aliuliza.

"Bado. Ako Ruiru, kwa benchi. Ananingojea nimpe barua yake."

Wangeci alijipangusa uso kwa mikono miwili, akatazama gari la inspekta lilikokuwa limeegeshwa.

"Nipeleke," alisema. "Asisikie kwa mtu mwingine."